Kazi Mpe Jembe

14 Januari

Dada,

Shikamoo. Kabla hujaanza kulalamika kwamba sipokei simu: mtandao wa huku ni wa kubahatisha, na wewe ukinipigia huniachi mpaka ujue nimekula nini. Barua ni salama zaidi. Ukiwa unasoma huwezi kunikatiza.

Shule imefunguliwa na mambo ni moto. Nina hisabati zangu za Darasa la Sita na la Saba kama kawaida. Ratiba ya shule nzima nimepanga mimi, maana aliyekuwa akiipanga alihama nayo kichwani. Michezo ni yangu. Mitihani ya majaribio, yangu. Mwenzetu wa sayansi yuko likizo ya uzazi, na kwenye kikao mkuu aliuliza nani atashika vipindi vyake. Walimu wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Mkuu akacheka, akasema, "Jamani, mnahangaika nini? Kazi mpe Jembe, hesabu imekwisha." Watu wakapiga makofi. Ungekuwepo ungejivuna, dada. Hilo ndilo jina langu sasa, hata wazazi wananiita Mwalimu Jembe.

Halafu sikia hii. Yamekuja maagizo kutoka juu kwamba walimu wamechoka, na kila shule iwe na msimamizi wa ustawi wa walimu: wa kuangalia nani amelemewa, nani hana raha, nani anahitaji kupumzika. Kachaguliwa nani? Usijisumbue kukisia. Kila Ijumaa baada ya vipindi nitawakusanya wenzangu niwafundishe kupumzika.

Wifi yako hajambo, saluni yake inajaa watu mpaka wanakaa nje. Anasema wewe ni mkuu wa shule lakini kwa kuandika barua ni mvivu namba moja.

Mdogo wako


25 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie wifi mvivu ni yeye, mimi nina shule ya kuendesha.

Barua yako nimeisoma ofisini nimefunga mlango, maana nilikuwa nacheka, na walimu wakimsikia mkuu anacheka peke yake wanaingiwa na wasiwasi. Nilipomaliza kucheka nikakasirika. Huyo mkuu wako ana macho au ana matundu tu? Ratiba, michezo, mitihani, vipindi vya mwenzako, na juu ya hayo akupe kazi ya kuzuia watu wasichoke! Si ni kumpa mgonjwa ufagio afagie wodi?

Nakujua mimi. Tangu utotoni ukisifiwa huoni mbele. Mama akisema, "Huyu ndiye anayejua kuteka maji," basi wewe unajaza ndoo, unajaza mapipa, unahamia kwenye masufuria. Mimi nilikuwa nakaa kivulini nafaidi. Naona mkuu wako naye ameigundua siri hiyo.

Kiongozi anagawa kazi. Mimi hapa sina shida hiyo. Nina binti mmoja mwalimu wa jiografia, kadogo, kembamba, tunamwita Kiberiti. Huyo nikimpa kitu najua kimefika. Ananichapia barua zangu zote, anapokea wageni, anaongoza klabu ya mazingira, na akisikia mwalimu anaumwa keshaingia darasani kabla sijamtafuta. Sijawahi kumsikia analalamika. Ukipata mwalimu wa aina hiyo shule inajiendesha yenyewe.

Punguza kazi, umenisikia? Na upokee simu.

Dada yako


16 Februari

Dada,

Shikamoo. Simu imeangukia kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo usijisumbue kupiga.

Ijumaa yetu ya kwanza ya kupumzika imepita. Maandalizi nilianza Jumatatu: viti, chai, picha za kubandika ukutani, na kumtafuta mgeni wa kuzungumza. Mgeni mwenyewe ni mama mmoja mwenye sauti laini kweli. Akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi, tujione tuko mahali tunapopapenda. Kimya. Nikafungua jicho moja, si mimi ndiye msimamizi. Mwalimu wa historia kalala fofofo, anakoroma. Walimu wa madarasa ya chini wanasahihisha madaftari mapajani. Mwalimu wa lugha anatokwa machozi, nikajua hayahusiani na pumzi: mwanawe yuko chekechea, muda wa kumchukua umepita, naye amefungiwa humu anapumzika. Nikampa ishara atoke, akatoka mbio. Baadaye mkuu aliniuliza kwa nini nimemruhusu mtu akimbie mapumziko.

Walipoondoka nilirudisha viti nikaandika taarifa ya jinsi tulivyopumzika. Wakubwa wameisifu, wanasema shule nyingine zije zijifunze kwetu. Kwa hiyo kutakuwa na wageni, na wa kuwapokea ni mimi.

Mimi niko sawa. Tena nikupe habari njema: lile Darasa la Sita lililokuwa likinitoa jasho kwa kelele limetulia ghafla. Nikiingia wanakaa kimya, wanaandika kila ninachoweka ubaoni, hakuna hata anayeuliza swali. Nadhani wameanza kukua.

Mdogo wako


2 Machi

Wifi yangu,

Salamu baadaye, moto kwanza. Mdogo wako anakudanganya. Mtandao hauna shida, na simu haijaangukia kwenye ndoo yoyote, iko hapa mezani imejaa chaji. Hapokei kwa sababu hana sauti. Ilianza kukauka tangu shule ilipofunguliwa, sasa ananong'ona tu, na anajua ukimsikia utapanda basi siku hiyohiyo. Darasani anaandika ubaoni, akitaka wamsikilize anagonga meza.

Nikimwambia twende hospitali anasema akipata nafasi. Nafasi! Asubuhi namkuta ameketi kitandani kavaa soksi moja, ya pili kaishika mkononi anaitazama. Nikimwita anashtuka. Watoto wakimletea kazi zao za shule anawaambia wamuulize mama, na mimi na hisabati tuliagana zamani, tena kwa ugomvi.

Lakini kilichoniliza ni hiki. Nilikuwa namsuka mama mmoja, binti yake yuko Darasa la Sita kwa mume wangu. Nikaona anajinyonganyonga kwenye kiti. Mwisho akasema, "Dada, naomba usichukie." Akaniambia mume wangu alifundisha kujumlisha sehemu siku ya Jumatatu. Jumanne akaingia akafundisha somo lilelile, mifano ileile, hata kichekesho kilekile. Jumatano tena. Watoto wakakubaliana wasimwambie. Kiranja wao, kasichana, akasimama akasema, "Atakayecheka namwandika jina. Mwalimu anaumwa." Basi wakanakili upya, kimya, na kichekesho wakakicheka. Wifi, niliacha nywele za watu nusu, nikaenda kulia nyuma ya pazia.

Nilipomuuliza, alikuwa hajui. Hajui kabisa! Akasema anaacha ualimu muhula ukiisha, atakwenda kukaa kwenye duka la vipuri la kaka yangu. Huyu huyu uliyeniambia alikuwa akiwapanga kuku wa nyumbani mstari awafundishe kuhesabu. Mimi akitaka kuacha aache, niliolewa na yeye, sikuolewa na chaki. Ila anataka kuondoka huku anajiona takataka, hafai kitu, na hilo ndilo siwezi kulivumilia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimesema.

Wifi yako


7 Machi

Wifi,

Ahsante kwa kunifungua macho. Nimesoma nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Watoto wa watu wanaona mwalimu wao anaumwa, mkuu wake haoni!

Namwandikia leo hii, mkuu kwa mkuu, na sitaremba. Nitamwambia: ukiona mwalimu mmoja anafanya kazi ya watu watano wala hanung'uniki, usishukuru, shtuka. Nitamwambia makofi hayambebei mtu mzigo. Akisoma atajua shule inaongozwaje.

Wewe mpe maji ya uvuguvugu na asali, na asubuhi ikibidi mfichie viatu. Usimwambie kitu kwanza.

Wifi yako mkubwa


15 Machi

Mdogo wangu,

Najua yote, ya sauti na ya Darasa la Sita. Wifi ndiye aliyeniambia, na ukithubutu kumgombeza utanijibu mimi.

Nataka nikueleze kilichonipata. Nilimwandikia mkuu wako barua kali, kwa mkono. Mwandiko wangu unaujua, hata mimi kesho yake siwezi kuusoma. Nikafanya ninachofanya siku zote: nikampa Kiberiti aichape. Watu walikuwa wanaondoka kwenda nyumbani. Akaweka mkoba wake chini, akarudi kwenye kompyuta, na mimi nikaendelea na chai yangu.

Nikamsikia anachapa, kisha kimya, kisha anacheka. Nikatoka nikamuuliza kuna nini. "Samahani, mkuu," akasema, "nimefika hapa." Akanisomea maneno yangu mwenyewe: "Ukiona mwalimu mmoja anafanya kazi ya watu watano wala hanung'uniki, usishukuru, shtuka." Akacheka tena, akaziba mdomo, na kicheko kikageuka kilio palepale. Binti wa watu alilia mpaka akawa anatafuta pumzi, na mimi nimesimama mbele yake na kikombe changu.

Nyani haoni kundule, mdogo wangu. Sijawahi kuona aibu vile, na nimeshaona nyingi.

Nilivuta kiti nikakaa. Nikamuuliza, "Nikupunguzie nini?" Akasema hajui, hajawahi kuulizwa. Akaniambia kwamba kila nikimwita simuulizi kama ana nafasi, namwambia, "Najua hutaniangusha." Anasema akishasikia hivyo mdomo unasema ndiyo wenyewe, halafu akifika kwake anakaa chini anashindwa hata kuvua viatu. Anaishi na baba yake mgonjwa. Sikujua. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi na sikujua.

Sikuitisha kikao cha kupumzika, hilo nimejifunza kwako. Jiografia ya Darasa la Tano nimeichukua mimi. Mito yote nimeisahau, watoto wananisahihisha kwa furaha kubwa. Kuchapa nimempa mwalimu wa michezo, yule aliyekuwa akiapa kwamba kompyuta inampa kizunguzungu. Kumbe humo ndani anacheza karata na hashindwi. Klabu ya mazingira tumeifunga kwa sasa, na miti bado inaota.

Barua ya mkuu wako sikuituma. Ningeituma kwa uso gani? Ila kuna jambo nimelijua kwa kukaa upande huu wa meza. Mimi sikumfanyia Kiberiti roho mbaya. Nilimpenda, nikamsifia kwa kila mtu. Alisema ndiyo, nikasikia ndiyo, nikaongeza nyingine. Inawezekana wako naye ni hivyohivyo. Nenda ukamwambie. Baada ya hapo ukitaka kuacha ualimu, acha, nami nitakuja kununua vipuri kwako ingawa sina gari. Lakini usiondoke bila kusema.

Dada yako


26 Machi

Dada,

Shikamoo. Kwanza nilikasirika. Nilimnunia wifi yako siku kadhaa, jambo rahisi sana kwa mtu asiye na sauti.

Unasema "nenda ukamwambie" kana kwamba ni kwenda dukani. Dada, nikisema siwezi, pale mimi ni nani? Wenye shahada wapo. Wanaojua kuchekesha watoto wapo. Mwalimu wa historia hafanyi lolote lakini ana umbo na suti, wageni wakija wanamsalimia yeye kwanza. Mimi nina hilo moja tu, kwamba nikipewa kitu hakianguki. Na sasa watoto wadogo wamenionea huruma, nami nikakuandikia kwamba ni nidhamu. Naona aibu kuliko unavyofikiri.

Lakini nilikwenda. Nikabisha hodi, nikaingia, nikasema, "Mkuu, nimechoka." Kwa kunong'ona, ndiyo sauti iliyopo. Mkuu akadhani nimemletea siri. Akasogeza kiti, akachungulia mlangoni, naye akanong'ona, "Nani amechoka?" Nikanong'ona, "Mimi." Akanong'ona, "Nani mwingine anajua?" Tukaendelea hivyo, watu wazima na akili zetu, mpaka karani akaingia na kutukuta, naye akaanza kunyata.

Alipoelewa kwamba sauti ndiyo hiyo, uso ukambadilika. Nikamweleza na ya Darasa la Sita. Kisha akasema, "Lakini kila nikikuuliza kama unaweza, unasema naweza." Nikasema kweli. Akasema, "Nilidhani unafurahia." Nikamwambia nilifurahia, mwanzoni. Akavua miwani akafikicha macho, akasema hata yeye hakumbuki ni lini alitoka nyumbani asubuhi akiwa na hamu ya kufika kazini. Sikwenda pale kumwonea huruma, lakini nilimwonea.

Hospitali nimekwenda. Daktari anasema koo limevimba kwa kutumika bila kupumzishwa, na mwili mzima umechoka, hata nikilala uchovu hautoki. Amenipa likizo ya ugonjwa mpaka muhula ujao na kunikataza kusema. Mkuu amegawa kazi zangu. Ratiba peke yake imechukua watu wawili na nasikia hawasalimiani.

Kuhusu kuacha, bado nataka kuacha. Nikifikiria lile darasa natamani kujificha. Usifurahi mapema.

Mdogo wako


17 Aprili

Wifi,

Nakuletea habari za mgonjwa. Analala mpaka jua linapanda, anakula, sauti imerudi nusu, na hiyo nusu anaitumia kunikosoa ninavyosuka.

Juzi alikwenda dukani kwa kaka yangu kujaribu hiyo kazi. Akaja mteja anataka bolti. Mume wangu akamkalisha, akachukua karatasi akamchorea duara, akamweleza kipenyo, akamuuliza maswali kuona kama ameelewa. Mtu akaelewa vizuri sana, akaondoka bila kununua. Kaka yangu amenipigia kwa upole, anasema shemeji ni mtu mzuri lakini nimrudishe shule.

Nilimwambia hivyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Shule inafunguliwa wiki ijayo, na shati amelipiga pasi, akalirudisha kabatini, akalitoa tena. Nikamuuliza anaogopa watoto? Akasema watoto hapana, amewamiss. Anaogopa kikao cha kwanza cha walimu. Anasema wakimwita lile jina tu, mdomo utasema naweza kabla yeye hajajijua, na akianza tena safari hii hatapona, ataacha kweli. Nikamtengenezea chai.

Mwombee tu.

Wifi yako


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimerudi kazini. Nilianza na Darasa la Sita, nikawaambia ukweli kwamba niliumwa, na kwamba najua walichonifanyia, nikawashukuru. Kiranja akasema, "Tulikuwa tunakungoja, mwalimu." Nikageukia ubao haraka, nikajifanya natafuta kifutio.

Kikao kilikuwa siku iliyofuata. Mkuu alisoma mambo yake, akafika kwenye kwaya. Kuna mashindano, anatakiwa mwalimu wa kukaa na watoto kila siku baada ya vipindi. Akauliza nani. Kimya. Kisha vichwa vikaanza kugeuka kuja upande wangu, kimoja baada ya kingine. Si kwa ubaya, dada, ni mazoea tu. Mkuu mwenyewe akafungua mdomo, nikaliona jina langu linakuja, akajizuia, akakohoa.

Nilikalia mikono yangu. Neno "naweza" lilikuwa limeshafika kooni, na wala sikuwa nataka hiyo kwaya, nilitaka kile kimya kiishe. Hapo ndipo nilipojielewa. Miaka yote hiyo walionyamaza walikuwa wengi, asiyeweza kuvumilia kunyamaza nilikuwa mimi.

Nikasema, "Mimi siwezi."

Sauti ilitoka yote, nadhani hata karani aliisikia. Mwalimu wa lugha akasema naye hawezi, ana mtoto wa kumchukua. Wa historia akasema yeye akiimba wazazi watahamisha watoto. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Mkuu akatutazama sote, kisha akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye karatasi yake. "Basi," akasema. "Muhula huu hatuna kwaya."

Nikabaki nangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Mtu agombe, paa lianguke, niitwe ofisini. Kengele ikalia. Kila mmoja akabeba madaftari yake, nami nikachukua chaki nikaenda kufundisha.

Mdogo wako